Zege Lililokataa Kushika

Mtaani walimwita Chujio, naye hakuchukia. Jina lilimkaa kama kofia iliyopimwa kichwani. Kazi yake ilikuwa kuchambua kifusi: kuta zilizovunjwa, sakafu zilizong'olewa, nguzo za nyumba za watu waliohama au waliokwisha kufa. Vyote hivyo vilipondwa kuwa kokoto, vikaletwa uani kwake, na yeye akakaa juu ya kigoda, mguu wa kulia ameunyoosha kwa sababu goti lilikwisha kugoma, akatenga kipande kwa kipande. Kizuri huku, kibaya kule. Kizuri kilikorogwa na saruji na mchanga, kikawa mifuniko ya mashimo, vizingiti vya madirisha na vibao vya kufunikia mitaro.

Ila waliomjua walisema jina lile halikutoka kwenye kifusi peke yake. Chujio alichuja kila kitu. Akipewa chai, aliitazama kwanza. Mtu akimsalimia kwa furaha kuliko jana, alijiuliza huyu leo anataka nini. Mkewe alizoea kusimulia kwamba siku ya kuja kumposa, mumewe aliuliza maswali mengi mno hata wazee wakanong'onezana: huyu ni mwoaji au ni askari?

Basi ukitaka aongee, mguse kwenye kifusi. Hapo ulimi ulifunguka.

"Huyu ni jasi," angesema, ameinua kipande cheupe cha dari kati ya vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya. "Huyu ni mnafiki. Ukimtia kwenye zege anakaa kimya, mwezi mmoja, miezi mitatu, mfuniko unapendeza. Halafu anaanza kuvimba humo humo ndani, na zege linapasuka kama midomo ya mgonjwa wa homa." Mbao nayo ilikuwa mgeni wa kupita: huoza, akaondoka, akakuachia tundu. Tofali la udongo lilikuwa mlevi, linakunywa maji yote na kuiacha saruji na kiu. Lami ilikuwa na mafuta, haishikiki na mtu. Na kipande cha zege zuri, ukikigonga kwa nyundo, kilijibu kwa sauti kavu, *ting*, kama mtu anayekutazama machoni wakati wa kusema.

Baada ya kuchambua, kokoto ziliingia kwenye pipa la maji. Vijiti, vipande vya plastiki na takataka nyepesi vilielea juu, naye akaviengua kwa ungo wa waya. Maji yalibaki ya kijivu, mazito kama uji mwepesi. Hayo hayakumwagwa hata siku moja. Maji ya bomba yalikuja siku tatu kwa wiki, tena kwa kudondoka, lakini hiyo haikuwa sababu yenyewe. Chujio aliamini kwamba ule unga wa kijivu ulioachwa na kokoto ni saruji ya zamani, na kwamba ukikoroga zege jipya kwa maji yale, unampa mtoto maziwa ya bibi yake. Aliyaita maji ya kwanza. Alikuwa amekorogea maji ya kwanza miaka ishirini, na mifuniko yake ilikanyagwa na magari ya taka bila kulalamika.

Mkorogaji mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mwenye mabega mapana na mdomo usiotulia. Walimwita Beleshi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika ua ule. Ndiye aliyeshika ufunguo wa kibanda cha saruji, ameufunga kwa uzi shingoni, na ndiye mtu pekee mtaani aliyeweza kumtania Chujio na akabaki salama.

"Shemeji," angesema, "siku yako ya kuingia peponi utagonga ukuta kwanza usikie kama ni zege safi."

"Na wewe utabaki nje unaongea," angejibu Chujio, na kazi ingeendelea.

Siku moja alikuja mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili, mama mrefu aliyevaa miwani. Alitaka mifuniko sita ya mashimo ya vyoo vya watoto. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kunepa.

"Nataka imara, fundi," alisema. "Watoto hawatembei. Wanaruka."

Neno lile lilimwingia Chujio. Alijua kina cha mashimo yale.

Wiki hiyo mbomoaji, kijana wa makamo mwenye gari bovu na sauti nzuri, akaleta shehena mpya. Chujio alikaa juu yake tangu asubuhi hadi jua la utosi, na kadiri alivyochambua ndivyo alivyozidi kukunja uso. Hapakuwa na jasi. Hapakuwa na tofali, wala chupa, wala kipande cha rangi. Zege tupu, la kijivu, lililobana.

"Kifusi kisafi hivi kinanificha nini?" alinung'unika.

"Shemeji, hata usafi nao una kosa kwako?" Beleshi alicheka. "Kikiwa kichafu unagomba, kikiwa kisafi unakitilia shaka. Kokoto za watu ziende wapi?"

Chujio aligonga tena na tena. *Ting, ting.* Hakupata pa kushika. Akazitia pipani, akaengua takataka, ambazo hazikujaa hata kiganja, wakakoroga, wakamwaga mifuniko sita juu ya nondo zake, wakaifunika kwa magunia mabichi. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano asubuhi alifunua gunia la kwanza, akabonyeza kwa kidole gumba kama alivyozoea, na kidole kikazama hadi kwenye kucha.

Alikiangalia kidole kile kwa muda. Akafunua la pili, la tatu, yote sita. Zege lilikuwa limekaa tu kama tope la kandokando ya kisima, halina habari ya kukauka.

"Labda ni baridi," alisema Beleshi.

"Baridi gani, shemeji, na watu wanatoka jasho?"

"Basi tuipe siku mbili."

Waliipa siku mbili, wakaipa na ya tatu. Juu iliota ngozi nyembamba, lakini ukiikwangua kwa msumari ilibanduka kama ukoko, na chini yake tope lile lile.

Hapo chujio la kichwani likaanza kazi. Kokoto alizichambua mwenyewe. Mchanga ulikuwa ule ule uliotumika kwa vibao vya mwezi uliopita, na vibao vile vilikuwa vigumu kama chuma. Maji yalikuwa yake. Kilichobaki ni saruji. Na saruji ilikaa nyuma ya kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikaa shingoni mwa mtu.

Alianza kumtazama Beleshi kwa jicho la pembeni. Akaona mambo ambayo jana hayakuwapo, au yalikuwapo bila kuonekana. Beleshi alikuwa na viatu vipya. Beleshi aliondoka mapema mara mbili wiki ile, akisema ana shughuli. Beleshi alifungua mfuko wa saruji akiwa amempa mgongo. Kwa nini ampe mgongo? Miaka kumi na mmoja alifunguaje? Chujio hakukumbuka, na kutokukumbuka kule nako kukawa ushahidi. Alifikiri juu ya majivu. Mtu akichota saruji nusu na kujaza majivu yaliyochekechwa, nani atajua kwa macho?

Alichora alama ya mkaa kwenye mifuko. Alinusa beleshi la kukorogea. Siku moja alishika kiganja cha shemeji yake akijifanya anatazama malengelenge, akakipeleka karibu na pua.

"Unanibusu mkono, shemeji?" aliuliza Beleshi. "Mimi si askofu."

Chujio hakucheka, na Beleshi akaona kwamba hakucheka.

Lililoharibu zaidi ni duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa kona ya mtaa. Pale mafundi walikaa juu ya makopo ya rangi wakisubiri kuitwa kazini, na maneno yaliuzwa kuliko misumari. Chujio alikwenda kununua waya, na mwenye duka akamuuliza mifuniko ya shule imefika wapi.

"Siku hizi saruji inapungua ikiwa ndani ya mfuko, na majivu yanajaza nafasi yake," alisema Chujio.

"Na ufunguo anao nani?"

Angeweza kunyamaza. Alisema, "Ufunguo uko shingoni mwa mtu." Mafundi wakaangaliana, mmoja akapiga mluzi. Hakutaja jina, kwa hiyo akajiambia kwamba hakusema kitu.

Siku iliyofuata alinunua mfuko mmoja pale pale dukani, akaupitisha mlango wa mbele na kuuficha jikoni chini ya meza. Beleshi alipotoka kwenda kuleta mchanga na kukiacha kibanda wazi, Chujio alichukua kopo, akatia saruji ya kibandani na mchanga, akachota maji pipani kama alivyochota siku zote, akakoroga, akaliweka kopo nyuma ya magunia. Kisha akaingia ndani, akachukua kopo la pili, akatia mchanga ule ule na saruji ya mfuko mpya, akachota maji ya mtungi uliokuwa karibu na miguu yake, akakoroga, akaliweka dirishani.

"Unapika nini?" aliuliza mkewe, aliyekuwa akimenya viazi.

"Ukweli," alisema Chujio.

"Basi usipikie kwenye kopo langu la chumvi."

Baada ya siku mbili kopo la dirishani lilikuwa jiwe. Kopo la nyuma ya magunia lilikuwa tope. Chujio aliyabeba yote mawili uani, moja kila mkono, akayaweka mbele ya Beleshi aliyekuwa anakula mkate.

"Hii ni saruji ya dukani. Hii ni saruji yako."

Beleshi alitafuna akamaliza. Alibonyeza hili, akabonyeza lile. "Saruji yangu? Tangu lini nina saruji?"

"Tangu ulipoanza kuvaa viatu vipya."

Beleshi alitazama viatu vyake, akamtazama shemeji yake.

"Kwa hiyo yale niliyosikia dukani ni yako," alisema taratibu. "Nilimgombeza aliyeniambia. Nilimwambia shemeji yangu ana ulimi mkali lakini hasemi mtu nyuma ya mgongo." Aliuvua uzi shingoni, akautupa ufunguo juu ya mfuniko wa karibu, na ufunguo ukazama nusu. "Viatu kanipa mke wangu. Kamuulize na yeye kaviiba wapi."

Akaondoka bila kuchukua hata koti lake.

Jikoni mkewe Chujio aliacha kisu. Alikuwa amesikia yote.

"Umemfukuza mdogo wangu kwa makopo mawili?"

"Makopo hayana ndugu, mke wangu. Yanasema lililopo."

"Nilimbeba mgongoni yule. Akiokota sarafu barabarani alikuwa anauliza nyumba kwa nyumba ni ya nani." Akarudi kwenye viazi vyake, na tangu hapo alimwandalia mumewe chakula, akakaa kula chumba kingine.

Chujio alipiga moyo konde. Alikoroga peke yake, goti likimlilia, mifuniko miwili tu, kwa ile saruji ya dukani aliyoinunua kwa mkono wake na kuilinda kwa macho yake. Alipoifunika magunia alijisikia mwepesi. Sasa hapana mtu katikati.

Siku ya tatu akabonyeza. Kidole kikazama.

Alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Alijaribu kumshuku mwenye duka, lakini kopo lililotoka mfuko ule ule lilikuwa dirishani, gumu kama paji la uso la mdai. Alijaribu kumshuku Beleshi kwamba ameruka ukuta, akaona haya mwenyewe. Hakubaki mtu wa kumshuku, na hali hiyo ilikuwa ngeni kwake, kama kuamka na kukuta nyumba haina mlango.

Mkewe alitoka kuanika nguo. Alimwona alivyojikunyata, na ingawa hakuwa akimsemesha, akasema.

"Kopo la jikoni ulitia maji gani?"

"Ya mtungi."

"Na lile jingine?"

"Ya pipa. Maji ya kwanza."

"Na haya ya juzi?"

Chujio alikwangua tope lililobaki kwenye kucha yake.

"Mimi nikiosha mboga," alisema mkewe, "maji yale simpikii mtu."

"Hujui kazi hii."

"Sijui. Lakini nyuki wanajua kitu. Wiki ya pili hii sipati pa kuanika kwa sababu ya nyuki wa pipa lako."

Chujio aligeuka. Kweli, kulikuwa na nyuki ukingoni mwa pipa, na chini yake mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka ukutani, ukazunguka rundo la kokoto na kupotea ndani yake. Aliwaona kila siku. Alidhani wamefuata kivuli.

Chujio aliinuka, akachovya kidole kwenye maji ya kijivu, akakitia mdomoni. Alitema. Kisha akachovya tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu. Kwanza ladha ya vumbi. Nyuma ya vumbi, utamu.

Alimfuata mbomoaji akamkuta chini ya gari lake.

"Ile sakafu ya mwezi huu uliing'oa wapi?"

"Salama, mzee wangu? Hata salamu?"

"Wapi?"

"Kiwanda cha peremende kile kilichofungwa. Chumba cha kupikia shira. Zege zuri sana lile, si ulilisifu mwenyewe?"

"Sikulisifu. Nililitilia shaka."

"Basi ungeniuliza," alisema mbomoaji kutoka chini ya gari.

Hapo ndipo palipomchoma. Aliuliza kila mtu kila kitu, na hilo moja hakuliuliza. Miaka na miaka shira ya moto ilimwagika juu ya sakafu ile, ikaoshwa kwa maji ya moto, ikazama ndani ya zege. Nyundo haisikii sukari. Macho hayaioni. Na sukari ikiingia kwenye saruji mbichi, hata kidogo, saruji inasahau kushika. Hilo aliwahi kulisikia kwa mafundi wakubwa, akalichukulia kuwa mzaha. Kama angeziosha kokoto zile na kumwaga maji, pengine nusu ya balaa ingekwenda na mfereji. Yeye aliikusanya yote pipani, akaitia kwenye zege kwa kata, akijisifu.

Beleshi alikaa katika vyumba viwili nyuma ya duka la kinyozi. Chujio alimkuta mlangoni anashona mkoba wa mwanawe, miguu peku.

"Shemeji."

"Nani kakutuma? Dada?"

"Hakuna. Aliyeharibu zege si wewe. Ni sukari. Kifusi kilitoka kiwanda cha peremende, na maji ya pipa ndiyo…"

"Sukari." Beleshi alivuta uzi. "Jana majivu, leo sukari. Kesho utakuja na chumvi, tupike."

"Njoo uonje."

"Nije uani, kisha useme nimechukua nini?"

Chujio alilitambua swali lile. Lilikuwa la aina yake, ila mara hii lilitoka mdomo mwingine na kumlenga yeye. Alisimama pale, goti likimuuma, asikaribishwe kiti, mpaka Beleshi mwenyewe akachoka kumtazama, akaweka mkoba chini, akavaa kandambili.

Uani Beleshi hakuonja kwanza. Alitafuta makopo mawili, akatia saruji ya kibandani, ile ile iliyosemwa ina majivu. Moja akatia maji ya bomba, moja maji ya pipa. Akachora alama zake chini ya makopo, akayabeba kwenda nayo kwake.

"Huniamini?" aliuliza Chujio.

"Sikuamini," alisema Beleshi.

Siku ya pili yake alirudi na kopo moja gumu na jingine tope. Wakalichukua rundo lile lote la kokoto na kumpa mbomoaji afukie mashimo ya barabara, wakamwaga pipa, wakalisugua. Mwalimu mkuu aliambiwa angoje wiki tatu, akauliza kwa nini, akaambiwa ukweli, akasema afadhali angoje.

Lakini Beleshi hakuuvaa ufunguo. Ulining'inia kwenye msumari wa kibanda.

"Uliyasema dukani," alisema. "Kayaondoe dukani."

Wakaenda, Chujio mbele, Beleshi nyuma hatua tatu. Mafundi walikuwa kwenye makopo yao. Chujio alivua kofia.

"Nilisema neno hapa juu ya shemeji yangu. Ni uongo. Saruji haikupungua hata kijiko. Zege liliharibiwa na sukari, na aliyeitia ni mimi, kwa maji yangu ya pipa."

Fundi rangi mmoja akaangua kicheko. "Sukari! Mzee, shemeji amekulainisha kweli kweli."

"Mmeshapatana, vizuri," alisema mwenye duka, akikonyeza. "Mambo ya ukoo yabaki kwa ukoo."

Chujio aliuona ule ukonyezo. Alieleza upya, tangu chumba cha shira, tangu nyuki. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kutabasamu kama watu wanaojua siri. Aligeukia mlangoni aliposimama Beleshi.

"Hawaamini," alisema.

"Naona," alijibu Beleshi. "Na siku ile ulisema mara moja tu."

Akaingia mama mmoja na kikapu. Chujio alimsogelea, kofia mkononi.

"Hujambo mama. Kuna neno nililisema hapa juu ya shemeji yangu, yule pale…"

"Baba, mimi nimekuja kununua misumari."

"Ndiyo, mama, misumari ipo. Lakini sikiliza kwanza. Hakuiba."

"Nani kasema ameiba?"

"Mimi."

Mama alimtazama, akamtazama Beleshi, akakibana kikapu kwapani. Mafundi walicheka hata wakashika matumbo, na mlangoni mdomo wa Beleshi nao ukacheza, akaufunika kwa kiganja.

"Mwache mama wa watu, shemeji," alisema. "Kuna mchanga wa kuchekecha."

Walitoka. Mara hii Beleshi alitangulia.

"Kesho utarudi kule," alisema Beleshi.

"Nitarudi."

"Na keshokutwa."

"Na keshokutwa," alisema Chujio, akijikokota nyuma yake.